Karatasi ya talaka pekee haimalizi haki ya mke

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie haki za wanawake wa Kiislamu wanaopewa talaka Tanzania Bara. Wengi wakishakabidhiwa karatasi ya talaka hukaa eda, kisha hurudi kwao mikono mitupu wakiamini mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa huvunjwa na mahakama, na kifungu cha 114 huiruhusu kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Qur'ani nayo (4:32) inawapa wanawake fungu la walichokichuma.

Kinachowakwamisha ni hati. Baraza la usuluhishi la ndoa, linalowasikiliza wanandoa kabla ya shauri kufika mahakamani, likishindwa kuwapatanisha, hati yake iseme hivyo waziwazi. Barua ya "tumewaruhusu waachane" haitoshi, na mashauri huondolewa mahakamani kwa kasoro hiyo. Kisha mke afungue shauri, hata Mahakama ya Mwanzo, akiomba talaka na mgawanyo wa mali kwa pamoja, akiwa na cheti cha ndoa, risiti na mashahidi.

Nawasihi masheikh wanaoandika talaka wampe mke maelekezo haya siku ileile, na mabaraza yatumie fomu rasmi.

Msomaji,
Tanga