Kabla ya vitufe vya skana ya CT, mwanachuo akokotoe picha kwa kalamu

Mhariri,

Mwanachuo wa picha za tiba aliyefundishwa vitufe vya skana ya CT (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei kutoka pande nyingi) na si hesabu yake atafanya kazi vizuri mradi mashine ni nzima. Siku pete zikijitokeza katikati ya picha, hatajua aanzie wapi. Mwenzake wa hisabati ya kompyuta naye anaweza kutatua matriksi (majedwali ya namba za milinganyo) muhula mzima asijue zinazaa nini. Tunawaomba wanaotunga mitaala wawakutanishe hawa wawili kwenye zoezi moja dogo.

Chora visanduku vinne, kila kimoja kikiwa kipande cha mwili na namba yake ikionyesha kinavyomeza mionzi. Ficha 2 na 3 juu, 4 na 5 chini. Mpe mwanachuo jumla tu: mistari ya mlalo 5 na 9, ya wima 6 na 8. Milinganyo minne, namba nne za kutafuta. Atadhani kazi imekwisha. Lakini hata 1 na 4 juu, 5 na 4 chini, zinatoa jumla zilezile, kwa kuwa mlalo na wima zote zinafika 14 na mlinganyo mmoja haujaongeza habari yoyote. Mwongezee kipimo cha mshazari, 2 na 5, yaani 7: jibu linabaki moja. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini bomba la eksirei huzunguka. Kisha mkufunzi aharibu kipimo hicho makusudi, aseme 8. Majibu yanageuka 2.5 na 2.5 juu, 3.5 na 5.5 chini. Kipimo kimoja kimekosewa, visanduku vyote vinne vimechafuka.

Mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya CT London mwaka 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield, picha ilikuwa na visanduku 80 kwa 80, kutokana na vipimo 28,800. Leo picha ya kawaida ni 512 kwa 512, yaani visanduku 262,144. Mwale mmoja haupiti zaidi ya visanduku 1,023, hivyo karibu matriksi yote, yenye mstari mmoja kwa kila mwale, ni sifuri, na mwanafunzi wa hisabati anayejaribu kuihifadhi nzima atajaza kumbukumbu ya kompyuta kabla hajaanza kukokotoa. Ahifadhi zisizo sifuri tu, na atumie njia ya mwanahisabati Kaczmarz ya mwaka 1937, inayoshughulikia mlinganyo mmoja baada ya mwingine.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya logi. Kihisi hakipimi jumla, kinapima mionzi iliyobaki. Ikiingia 1,000 ikatoka 135, gawanya ya kwanza kwa ya pili, chukua logi asilia, upate karibu 2. Hiyo ndiyo jumla ya kuweka kwenye mlinganyo. Na hapa ndipo michirizi inayotokea kwenye picha penye chuma mwilini inapoeleweka: mionzi inayopenya chuma ni kidogo mno, na kosa dogo kwenye namba iliyo karibu na sifuri huwa kubwa sana likipita kwenye logi.

Njia ya kurudisha vivuli vilikotoka, yaani kusambaza kila kipimo juu ya visanduku ambavyo mwale wake ulipitia, nayo ifanywe mara mbili. Bila kichujio, kila nukta inaacha ukungu. Ukiweka kichujio kinachokuza mabadiliko ya ghafla, ukungu unaondoka na chengachenga (madoadoa ya nasibu kwenye picha) zinaongezeka. Kuzipunguza kwa nusu kwa kuongeza mionzi kunadai dozi mara 4, na anayeibeba dozi hiyo ni mgonjwa. Mtu aliyekokotoa hili mwenyewe hapandishi dozi kiholela.

Mtihani wa vitendo uwe na picha tatu mbovu. Yenye pete: kihisi kimoja kimepoteza usawazishaji, na umbali wa pete kutoka katikati unaonyesha ni kipi. Yenye giza katikati ya chombo cha maji: mionzi dhaifu imemezwa njiani, iliyobaki inapenya kirahisi, na hesabu haikurekebishwa. Ya tatu ni ya chombo hichohicho, ila maji yanasoma 30 kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kiasi cha kumeza mionzi, badala ya 0, hewa ikiwa bado karibu na -1000. Mtahiniwa aandike ni hatua ipi ya hesabu iliyoharibika, ndipo aruhusiwe kugusa mashine.

Wakufunzi wa picha za tiba na hisabati