Barua kwa mwanangu: usikope kwa ajili ya banda

Mafinga, Jumapili, Oktoba 12, 2025

Kamwene mwanangu,

Nimeandika kwenye daftari la mdogo wako, atapiga picha kurasa zote akutumie WhatsApp akipata bando. Ningepiga simu, lakini tukiongea kwa simu mimi napandisha sauti, wewe unakata, halafu mama yako ananinunia siku mbili. Soma taratibu.

Jana usiku mama yako ameniambia, tena kwa kuzungukazunguka, kwamba unataka kukopa shilingi 700,000 kwenye simu ili banda la ng'ombe liishe kabla ya mvua. Alidhani nitafurahi. Sikulala. Usikope. Nalitanguliza hili ili hata usipomaliza kusoma liwe limeshakufikia.

Nasikia pia umemuuliza hela za mwanzo zimekwenda wapi. Una haki ya kuuliza, ila ungeniuliza mimi mwenyewe. Ulituma 1,200,000 kwa mafungu mawili mwezi wa 8. Risiti ziko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na pale nilipokosa risiti nimeandika kwa mkono. Nguzo 14 za mkaratusi, 6,000 kila moja, ni 84,000. Miguu yake nimeipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, oili nilipewa bure gereji, hiyo usihesabu. Mbao 40 za nchi 2 kwa 4, kila moja 4,000, ni 160,000. Za nchi 2 kwa 2 kwa ajili ya papi, zile za kupigilia bati, 30, kwa 2,000, ni 60,000. Mabanzi ya kuzungushia, tripu moja, 50,000. Bati 20 za futi 10, geji 30, kwa 24,000, ni 480,000. Kofia 4 za kupitisha juu, 20,000. Misumari ya kawaida na ya bati, 62,000. Lori 40,000. Fundi na msaidizi wake tulipatana 300,000, nimeshampa 200,000. Jumlisha utapata 1,156,000.

Inabaki 44,000, ambayo imeliwa. Mafundi wamekaa hapa siku 6, asubuhi chai na viazi, mchana ugali, na yule fundi mkubwa anakula cha watu watatu halafu anauliza kama mboga imebaki. Sukari kilo 3, mafuta, dagaa, na siku ya kupaua mama yako alichinja jogoo ambaye hayumo kwenye hesabu hii. Kila mtu hapa akikueleza gharama ya kujenga anakutajia bati na saruji, chakula cha mafundi hakuna anayekitaja mpaka kikukute. Nawe ukija kujenga kwako huko, kiandike cha kwanza.

Bati geji 28, zile nene zaidi, nilizitaka. Duka lile lile walisema 34,000, ningehitaji 200,000 zaidi. Nikasema ng'ombe hatajua geji.

Sasa mbao. Ulimuuliza mama yako kwa nini kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zirudiwe wakati banda halijamaliza hata miezi miwili. Mbao kavu iliyotiwa dawa, ile nzuri, ilikuwa 6,500. Kuna mtu alikuwa anapasua miti yake mwenyewe, akaniambia 4,000, na ukichukua 40 anakuletea mpaka barabarani. Tofauti ni 100,000, na 100,000 hiyo mwanangu sikuwa nayo. Ilikuwa ni miti ya miaka 7 au 8, watu siku hizi wanakata paina hata haijajaza mkono. Nilikwenda mwenyewe kuzikagua. Unajua nimebeba mbao miaka mingapi. Mbao kavu ya futi 12 nilikuwa naweka nne begani nikipanda nazo kwenye lori, na hata sasa mbili hazinishindi. Pale nilinyanyua moja nikaishusha. Fundi alipopigilia msumari wa kwanza, maji yalitoka pembeni ya msumari kama jasho. Akanitazama. Nikamwambia apigilie, zitakaukia juu.

Zimekaukia juu kweli. Jua la mwezi wa 9 chini ya bati unalijua. Kenchi mbili zimejipinda kama upinde, papi zimejinyonga, misumari imeinuka, na upande wa choo bati mbili zimeachia nafasi ya kupitisha vidole vitatu. Usiku upepo ukija zinapiga kelele, mbwa anabweka, mimi nasikiliza. Mama yako hajasema neno. Wewe peke yako ndiye umeuliza, ndiyo maana nimekujibu.

Kwa hiyo ukikopa, ujue unakopa kwa ajili ya kitu gani. Laki saba hiyo siyo ya ng'ombe peke yake.

Nitakueleza kilichonitisha. Mwezi wa 7 uliingia ujumbe kwenye simu yangu, saa 11 alfajiri, mtu ambaye simfahamu ananiambia nimwambie fulani alipe deni lake leo, mimi ni mdhamini wake, vinginevyo watachukua hatua na picha yake itasambazwa. Fulani huyo ulikaa naye dawati moja, sitamtaja hapa. Mdhamini! Mara ya mwisho kuongea na binti yule alikuja kuchota maji bomba lao lilipokatika. Namba yangu ilikuwa tu kwenye simu yake, na wao wakachukua namba zote. Ujumbe huo huo ulimfikia mzee wa kanisa, ukamfikia mwalimu wake wa darasa la sita, ukamfikia na mwanamume aliyekuwa ameleta posa. Mama yake alihesabu kwa vidole hapa kibarazani kwetu: aliomba 100,000, ikaingia 70,000, baada ya siku 7 wanataka 100,000 yote, siku ya 8 wanaanza kuongeza. Binti alikopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Posa imekufa.

Mdogo wako amenisomea kwamba Novemba mwaka jana Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizokuwa na leseni. Sitini na tisa. Na akasema ukifungia moja kesho inazaliwa nyingine yenye jina jingine. Hao wenye leseni nao wamewekewa kikomo, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Haya, tuseme umempata wa halali kabisa. Kwenye 700,000 hiyo ni 24,500 kila mwezi, bado hujarudisha shilingi ya deni lenyewe. Kodi yako unalipa miezi 6 kwa pamoja. Nauli. Chakula. Umeshawahi kuniambia ifikapo tarehe 20 unatembea kwa miguu kutoka kazini, ukadhani nimesahau.

Usije ukaniambia kuna vikundi vya akina mama vinakopesha bila maswali. Hao ndio wanaitwa kausha damu, na jina hawakulipata bure. Wanakuja mlangoni, wanabeba kochi, wanabeba jiko la gesi na mtungi wake. Mambo ya cherehani siyarudii, unayajua.

Usikope.

Najua utasema mvua. Mvua kwetu inaanza mwishoni mwa mwezi wa 11, na mtamba tulikubaliana na mwenye naye kwamba tunamchukua Januari. Ana mimba ya miezi minne, atazaa Machi. Hakuna anayetufukuza. Bwana mifugo alikuja Alhamisi, akasema nguzo zimesimama vizuri, upande wa upepo tumeuziba sawasawa, hori liko kimo kizuri. Alichokikataa ni sakafu. Ng'ombe wa maziwa akilala kwenye tope atapata ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake hayatapokelewa kituoni. Sakafu iwe na mteremko, mkojo utelemkie shimoni nyuma ya migomba, na saruji isilainishwe kama ya sebuleni, ikwaruzwe kwa fagio, ng'ombe asiteleze akavunjika mguu.

Kwa makadirio ya fundi ni mifuko 14 ya saruji kwa 17,000, yaani 238,000, mchanga 90,000, kokoto 120,000, na 100,000 anayotudai yeye. Ongeza mbao kavu 12 za kurekebisha paa, 78,000, na siku mbili za kupanda tena juu, 50,000. Yote ni 676,000. Hapo ndipo ulipoitoa laki saba yako, nimeelewa.

Sasa nisikilize mimi. Hizo za paa, 128,000, ni zangu, usizitie kwenye hesabu zako tena. Nimeuza magunia 2 ya mahindi jana, 65,000 kila gunia. Mama yako hakupenda, anasema Februari tutanunua kwa bei nyingine. Labda. Kokoto hatununui, mimi na mdogo wako tunatoa mawe korongoni na kuyagonga wenyewe, akishamaliza mitihani yake ya kidato cha nne Novemba, maana sasa hivi simgusi. Sakafu tunamwaga nusu, pale ng'ombe anapolala na anapokula, mifuko 7 na mchanga nusu tripu: 164,000. Nusu ya pili tunashindilia mawe na kifusi mpaka maziwa yaanze kujilipia. Fundi nimeongea naye, atasubiri Krismasi. Alinung'unika, lakini anapajua kwetu kuna ugali.

Hiyo 164,000 ukiweza kuitoa kwenye mshahara wa miezi miwili, itoe. Usipoweza, mtamba atakaa alipo mpaka Machi, azalie huko huko, tutapatana upya. Hela uliyoweka kwa ajili ya kumnunua usiiguse kuja kumwaga saruji.

Mama yako anasema niuze ile miti ya bondeni, tuliyopanda 2015. Wanunuzi wamekuja mara mbili, wanatoa hela mkononi. Nimekataa. Ina miaka 10, na mtu atakayeinunua leo atakwenda kuiuza kwa mzee mwingine kwa 4,000.

Sikutaka barua hii iwe ya kukugombeza. Una miaka 24 na banda limesimama nyumbani kwenu kwa jasho lako, watu wanapita barabarani wanauliza la nani, nawaambia. Katekista alisimama kabisa akapima kwa hatua. Mimi kwa umri wako jembe nililolimia lilikuwa la babu yako. Ila hukuja kwenye arobaini ya shangazi yako, na uliniambia huna nauli, kumbe wiki ile ile ndiyo ulituma 600,000 ya bati. Ungekuja. Bati zingengoja.

Na kama umeshakopa, sema. Nisije nikaletewa ujumbe saa 11 alfajiri. Ukishaniambia mapema nitajua la kufanya, hata kama ni kushuka bondeni na msumeno.

Habari za hapa ni nzuri. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi kukiwa na ukungu, likipata jua linatulia. Ile dawa ya kuchua uliyoleta mwaka jana imeisha, usimnunulie ile ya harufu kali. Parachichi 9 kati ya 12 zimeshika, tatu zimeliwa na panya fuko. Kuku mwekundu ameatamia ndani ya banda jipya, juu ya mabanzi, naona yeye sakafu haimhusu. Mdogo wako anasoma usiku kwa taa ya simu yangu, chaji inaisha, ndiyo maana unapiga hunipati.

Nimekutumia kiroba cha viazi na maharage kidogo, kinaondoka na basi la kesho asubuhi. Kakipokee Mbezi, stendi ya Magufuli, jioni hiyo hiyo, usikiache kilale, kondakta atakudai hela ya kulinda. Jina lako nimeliandika kwa kalamu nyekundu pande zote mbili. Katikati ya maharage kuna chupa ya asali, ifungue taratibu.

Mama yako amesimama mlangoni anauliza nimeandika nini kurasa zote hizi. Nimemwambia hesabu za banda.

Ni mimi baba yako.