Malalamiko: Mbegu za Carolina Reaper Zilizotoa Hoho

Tanga,
16 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mbegu na Pembejeo,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAKITI 2 ZA MBEGU ZA PILIPILI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tanga, mama wa miaka 58. Natengeneza achari na pilipili ya chupa nyumbani na kuuza. Wateja wangu huniita Mama Pilipili. Nalitaja jina hilo mapema kwa sababu tangu mwezi wa tano vijana wa bodaboda pale kijiweni wameanza kuniita Mama Hoho, na jina hilo jipya nimelipata kwa sababu ya bidhaa yenu.

Tarehe 20 Desemba 2024 nilinunua kwenu kwa njia ya simu pakiti 2 zilizoandikwa Carolina Reaper, pilipili inayosifika kwa ukali wa kupindukia. Kila pakiti ilikuwa na mbegu 10 kwa shilingi 12,000. Jumla 24,000, na 5,000 nyingine ya kusafirisha kwa basi. Ujumbe wa malipo bado ninao kwenye simu.

Mume wangu aliposikia shilingi elfu kumi na mbili kwa mbegu kumi aliuliza kama zimechovywa kwenye dhahabu. Nikampigia hesabu. Pilipili mbuzi tunayoijua ukali wake, kwa kipimo cha Scoville, ni kama 100,000 hadi 350,000. Reaper, ile aliyoizalisha Ed Currie kule South Carolina, Marekani, iliwahi kuandikwa kwenye rekodi za Guinness kwa wastani wa 1,641,183. Kwa hiyo tunda moja linafanya kazi ya pilipili mbuzi karibu tano au zaidi. Sufuria yangu moja kubwa inakula kilo mbili za pilipili mbuzi, na bei ikipanda pale soko la Ngamiani, faida yangu yote naiacha hukohuko. Miche kumi uani ingenitosha. Baada ya hesabu hiyo mzee alinyamaza, na kwa mume wangu kunyamaza ndiyo ruhusa.

Nieleze sasa nilivyozitunza mbegu zenu, kwa kuwa kijana wenu wa simu aliniambia kosa ni langu.

Maelezo ya nyuma ya pakiti yalisema nianzishe mbegu ndani ya nyumba wiki nane kabla ya barafu ya mwisho ya msimu. Ndugu Meneja, barafu pekee ninayoijua Tanga ni ya wauza samaki pale Deep Sea, nayo haina msimu. Nikajua maelezo yamenakiliwa kutoka nchi za baridi bila mtu kuyasoma. Nikafuata ninavyojua mwenyewe. Usiku wa tarehe 3 Januari nililoweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi nikazisia moja moja kwenye vikombe vya plastiki nilivyovitoboa chini, udongo wa juu wa bustani nikauchanganya na mchanga na samadi iliyooza sawasawa, kina cha nusu sentimita basi. Vikombe nikaviweka barazani penye kivuli chepesi. Joto la Tanga mwezi wa kwanza halihitaji mashine ya kupashia udongo.

Siku ya sita zilianza kuchomoza. Kufikia siku ya tisa zilikuwa 17 kati ya 20.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nilifurahi kama mjinga. Reaper ni wa ukoo wa Capsicum chinense, ukoo mmoja na pilipili mbuzi, na ukoo huo una uvivu wa kuota: wiki mbili, tatu, hata nne ni kawaida. Mbegu za kuota siku ya sita, tena karibu zote kwa pamoja, mara nyingi ni za ukoo mwingine, Capsicum annuum, ambamo hoho nao wamo. Nilidhani nina mkono mzuri.

Miche ilipofika majani sita niliipandikiza kwenye ndoo za lita 20, tarehe 22 Februari. Miche mitano niliwagawia majirani, 12 nikabaki nayo. Kando yake, kwenye ndoo za aina ileile na udongo uleule, nilipanda miche mitatu ya pilipili mbuzi ambayo mbegu zake nilizitoa kwenye tunda la sokoni. Sikufanya hivyo kwa kuwapima ninyi. Ndoo zilikuwa zimebaki. Lakini leo ndoo hizo tatu ndizo mashahidi wangu.

Masika yalipoanza nilizisogeza zote chini ya upenu ili maji yasituame. Inzi weupe walikuja, nikawapulizia maji ya mwarobaini na sabuni kidogo. Kila mara nilikuwa nachungulia chini ya majani kama mtu anayetafuta sindano.

Maua yalipotoka niliona kitu ambacho afisa ugani wa kata yetu alinifafanulia baadaye. Pilipili mbuzi zangu zilitoa maua mawili, mengine matatu, kwenye kifundo kimoja, meupe yenye ukijani. Zenu zilitoa ua moja moja, jeupe pee. Na matunda yalipofunga, pilipili mbuzi zilikuwa na mbano mdogo wa mviringo pale kikonyo kinapokutana na tunda, kama mtu aliyefunga uzi. Huo mbano ni alama ya ukoo wa chinense, na Reaper anapaswa kuwa nao. Kwenye miche yenu 12 hakuna hata mmoja uliokuwa nao.

Halafu matunda yenyewe. Picha ya pakiti ina tunda dogo jekundu, lenye mikunjo na vipele, na chini lina mkia kama wa nge. Yangu yalirefuka, laini, yanang'aa, urefu wa kiganja. Nikajipa moyo kwamba mikunjo itakuja yakiiva. Tarehe 3 Mei, siku 70 tangu nipandikize, la kwanza likawa jekundu kabisa. Likabaki laini vilevile.

Naomba mnisamehe nikikaa kidogo hapa.

Nilikuwa nimenunua glavu na barakoa. Siku hiyo nilivaa vyote, nikaazima na miwani ya binti yangu. Nikafungua madirisha yote, watoto nikawatoa nje, maziwa baridi nikayaweka mezani, kwa sababu maji hayasaidii kitu kwenye ukali wa pilipili, maziwa ndiyo yanayouondoa mdomoni. Nikalipasua tunda kwa kisu kipya. Harufu ilikuwa ya majani mabichi. Nikagusisha ncha ya ulimi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, ambamo ukali mwingi hutengenezwa. Nikasubiri. Nikagusa tena. Nikatafuna kipande.

Kilikuwa kitamu. Kitamu kidogo, cha maji.

Nilitoka uani kuangalia miche mingine, nikiwa bado na barakoa shingoni, na niliporudi nilimkuta mjukuu wangu wa miaka saba ameingia kwa mlango wa jikoni, nusu iliyobaki ameshaimaliza. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. Nikambana mtoto mdomo nikimnywesha maziwa. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi akaniuliza, "Bibi, kuna nyingine?"

Huyo jirani ndiye aliyelipeleka jina la Mama Hoho kijiweni.

Nilionja tunda moja kutoka kila mche, yote 12, na wale majirani watano wakaniletea ya kwao. Hakuna lililowasha. Kuku walikula pia, ila kuku sikuwaweka kwenye ushahidi kwa sababu ndege hawasikii ukali wa pilipili. Pilipili mbuzi za ndoo tatu zilinitoa machozi kama kawaida yake.

Tarehe 5 Mei niliwapigia. Kijana wenu alikuwa na adabu, aliniita mama, nami sina ugomvi naye. Lakini majibu aliyopewa ayaseme hayakubaliki. Kwanza alisema nimemwagilia maji mengi. Ni kweli mche ukishibishwa maji ukali hupungua kiasi, na ukikaziwa kidogo ukali huongezeka. Lakini haupungui kutoka milioni moja na nusu hadi sifuri, na ndoo za pilipili mbuzi zilikunywa maji yaleyale.

Pili alisema lazima kuna jirani amepanda hoho, nyuki wakaleta chavua, pilipili zangu zikapoa. Hili nilimpelekea afisa ugani, akacheka. Nyama ya tunda na utando wake ni mwili wa mche mama. Chavua ya jirani inaingia kwenye mbegu tu, na athari yake ungeiona msimu ujao ukizipanda hizo mbegu. Akasema, mtoto anaweza kufanana na jirani, lakini tumbo lililombeba ni la mama yake. (Mfano huo nimeuandika kama ulivyo. Yeye ni mtu wa mizaha.) Akaongeza kwamba hata kama uchanganyiko ungetokea kwenye shamba lililozalisha mbegu, mtoto wa pilipili kali na hoho kwa kawaida hutoka na ukali, maana ukali ndio hutawala kizazi cha kwanza. Miche 17 kati ya 17 isiyo na ukali hata chembe haielezeki kwa nyuki. Inaelezeka kwa mtu aliyejaza mbegu za aina nyingine kwenye pakiti yenye picha ya Reaper.

Niliwatumia haya yote WhatsApp pamoja na picha tarehe 9 Mei. Mkajibu, "Tumepokea mama, tunalifanyia kazi." Nikakumbusha tarehe 19, na tarehe 2 Juni. Tiki mbili za buluu zilitokea mara zote. Jibu halijatokea.

Jambo jingine. Wiki iliyopita nimeona mnatangaza kwa shilingi 20,000 mbegu za Pepper X. Hiyo ndiyo iliyomvua Reaper taji mwaka 2023, kwa 2,693,000, na aliyeizalisha ni huyohuyo Ed Currie, ambaye wakati wa kutangaza rekodi alieleza kwamba mbegu zake hazitoi kwa mtu. Ninyi mmezipata wapi? Nauliza kwa nia njema, ingawa najua swali langu halisikiki hivyo.

Nimezigeuza pakiti zangu mbili upande huu na ule. Hakuna namba ya kundi la mbegu, hakuna tarehe ya kupimwa uotaji, hakuna jina la mzalishaji, hakuna lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kuna picha, namba ya simu na maneno "Ubora wa Uhakika".

Hasara yangu ni hii. Nilichapisha lebo za chupa zenye jina la Reaper kwa shilingi 45,000, na siwezi kuzibandika kwenye achari ya hoho. Mwenye mishkaki mmoja wa Raskazone alinipa kianzio cha 80,000 kwa pilipili kali ambayo angewatania nayo wateja wake, nikamrudishia. Mwezi wa nne sikununua pilipili za akiba bei ilipokuwa chini, nikijua zangu zinakuja. Na miezi mitano. Hiyo miezi sijui niiandikie bei gani, kwa hiyo siidai.

Ninachodai ni shilingi 29,000 za mbegu na usafiri, na 45,000 za lebo. Jumla 74,000, kwa namba ileile niliyolipia. Mbegu nyingine mbadala sizitaki, kijana wenu asinipendekezee tena. Pamoja na fedha nataka barua, si ujumbe wa simu, inayosema zile pakiti zilijazwa mbegu gani na zilitoka wapi, ili niwaonyeshe wateja wangu na wale majirani watano niliowagawia miche kwa sifa nyingi. Na nataka pakiti za aina hiyo ziondolewe sokoni mpaka mtakapojua mnauza nini, kwa sababu kuna mama mwingine mahali fulani anamwagilia ndoo asubuhi hii akisubiri mikunjo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, pakiti na maelezo yangu nitayapeleka TOSCI Morogoro, na nakala kwa Tume ya Ushindani. Afisa ugani ameshakubali kuandika alichokiona.

Wenu,

Mama Pilipili,
Tanga.

Viambatanisho:
Picha 6 za miche, maua na matunda.
Nakala ya ujumbe wa malipo.
Pakiti 1 tupu (ya pili nimeibakiza kwa ajili ya Morogoro).
Matunda 3 yaliyokaushwa juani. Mnaweza kuyaonja, maziwa hayahitajiki.