Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana Wetu na Utafiti wa Kiangazi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini mkutanoni, na misiba na harusi za mwaka huu tumezibeba pamoja. Mimi nitasema zaidi juu ya vijana wetu walio vyuoni hapa Iowa, Marekani, kwa sababu suala lao ndilo lililokula muda mwingi wa kamati.

Wengi wao walizaliwa Nyarugusu, Tanzania, na kambi nyingine za wakimbizi, na sisi wazazi hatukufika chuo kikuu. Kiangazi kikifika wanaingia kiwanda cha nyama au ghalani, maana kodi ya nyumba haingoji mtu. Kumbe miezi hiyohiyo kuna vyuo vinavyowalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti chini ya profesa. NSF, mfuko wa taifa wa sayansi, una programu ya REU tangu 1987: kwa kawaida ni wiki 8 hadi 10, kuna posho, na mara nyingi malazi na nauli. Umoja wa vyuo vikuu vya Big Ten, ambamo Chuo Kikuu cha Iowa kimo, ulianzisha programu yake ya utafiti wa kiangazi, SROP, mwaka 1986.

Ipo pia programu ya McNair, inayowaandaa wanafunzi kwa masomo ya udaktari (PhD), na hii naipenda kuliko zote. Ronald McNair alikuwa mtoto mweusi wa Lake City, South Carolina. Mwaka 1959, akiwa bado mtoto mdogo, alikataliwa kuazima vitabu maktabani, akakaa palepale hata polisi wakaitwa. Akaondoka na vitabu vyake. Alipata udaktari wa fizikia katika chuo kikuu cha MIT, akawa mwanaanga, akafa chombo cha Challenger kilipolipuka Januari 1986. Theluthi mbili au zaidi ya nafasi za programu hiyo ni za wanafunzi wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana digrii. Wazazi wenzangu, hao ni watoto wetu hasa!

Kinachowazuia si alama. Kwanza, posho ya REU inatolewa kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Aliyeingia kama mkimbizi anatakiwa kuomba kadi ya kijani, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, akishatimiza mwaka mmoja nchini, lakini katika nyumba zetu karatasi hizo hulala kabatini miaka. Binti mmoja mwenye alama nzuri sana alikosa nafasi kwa sababu hiyo pekee, na iliniuma.

Pili ni barua za mapendekezo, ambazo maprofesa huwaandikia waombaji. Kijana anayetoka darasani mbio kwenda zamu ya usiku hajulikani na profesa yeyote. Tuwape nafasi ya kwenda kuonana na walimu wao tangu mwaka wa kwanza.

Kuna pia wazazi wanaosita kumruhusu binti akae wiki 10 jimbo jingine. Nawaelewa. Kamati iko tayari kukaa na kila familia, tusome pamoja anakokwenda, atalala wapi na msimamizi wake ni nani.

Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi. Kwa hiyo kamati inapendekeza kikao cha wazazi na wanafunzi kila Novemba, na sehemu ya michango iwalipie nauli wale ambao programu zao haziwalipii. Hilo tutalipigia kura mkutanoni. Ambaye hajaomba kadi, au imekwama, amwone katibu kabla ya siku hiyo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti