Fikra njema zinataka daftari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Unasema kujisifu mbele ya kioo kila asubuhi kumekuchosha. Wala si uvivu wako. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa Kanada walipima kujiambia maneno ya kujisifu namna hiyo, na waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo waliishia kujisikia vibaya zaidi. Mtu akijiambia asichokiamini, moyo unamsuta. Kioo kiache.

Chukua daftari dogo. Kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na chini ya kila moja uandike sababu yake. Martin Seligman na wenzake wa Marekani walilipima zoezi hili kwa wiki moja tu, wakachapisha matokeo 2005: nafuu ya huzuni ilionekana hadi miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea nalo wenyewe.

Wengi huruka sababu, na hapo ndipo zoezi linapofia. Ukiandika "nashukuru kwa afya" kila siku, haitafika Ijumaa kabla mkono haujawa unaandika wenyewe huku akili iko jikoni. Andika kitu mahususi: "Yule mteja wa vitenge amelipa deni. Kwa nini? Nilimkumbusha juzi, kwa upole, tukiwa wawili tu." Hapo umeona ulipotia mkono wako, na kesho una la kurudia. Kama sababu ni mtu mwingine, mtaje. Kama ni bahati tu, andika bahati.

Siku ikiwa mbaya usilazimishe makubwa. Maji kutoka mapema yanatosha. Baya lenyewe usilifute. Liandikie ukurasa wa pili, pamoja na mstari mmoja wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amechunguza miaka mingi watu wanaoota mafanikio bila kutazama vikwazo, na mara nyingi juhudi zao hupungua: ndoto imeshawaridhisha.

Saa ya kuandika ifunge kwenye jambo unalolifanya tayari, tuseme baada ya Isha, kabla ya kushusha chandarua. Kalamu ifunge kwa uzi kwenye daftari (watoto wako nawajua). Simu usiitumie, maana utaifungua uandike, ujikute kwenye magrupu ya harusi.

Na hizo siku 21 wanazozitaja mitandaoni usizishike. Katika utafiti wa Phillippa Lally kule London, tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka. Wengine 18, wengine ikakadiriwa hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo ukisahau usilipe deni la jana. Andika ya leo, ulale.

Ila ukiona wiki mbili zimepita huna usingizi, chakula hakipandi, na hata unayoyapenda hayakuvuti, nenda kituo cha afya uongee na mhudumu. Daftari utakwenda nalo, litamsaidia kujua ilianza lini.

Wako,
Mwanajuma