Shangazi, ile orodha ibandue

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Hanoi, Vietnam, nimekaa kwenye kistuli cha plastiki kifupi kama mbuzi yako ya kukunia nazi. Magoti yamefika kifuani. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mtaa mzima unakunywa supu.

Wenyewe wanaiita phở. Mama anayeiuza hana hata banda: ana sufuria, meza moja na vistuli vilivyopangwa ukingoni mwa barabara. Mifupa ya ng'ombe imechemka usiku kucha. Tangawizi na vitunguu huchomwa kwanza motoni mpaka maganda yaungue, ndipo vinaingia sufuriani pamoja na mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na kiungo kimoja chenye umbo la nyota. Viungo vya pilau, Shangazi, ndani ya supu! Ila kwa mkono mwepesi. Mchuzi unabaki mweupe, unaona mpaka chini ya bakuli.

Mkono wa huyu mama ungeupenda. Anakata mnofu mbichi mwembamba kama karatasi, anaupigapiga kwa bapa la kisu, anautandaza juu ya tambi za mchele, kisha anamwagia mchuzi unaotokota. Nyama inabadilika rangi huku unaitazama. Anamalizia na majani ya kitunguu. Pilipili, ndimu na siki yenye vitunguu saumu unajiwekea mwenyewe. Pembeni kuna andazi refu lisilo na sukari, quẩy, la kuchovya. Vijiti vilinishinda, akanipa kijiko bila kuniuliza, majirani wakacheka.

Bakuli ni dong 50,000. Usishtuke, ni kama shilingi 5,000 ya kwetu Tanzania.

Huu ni Mji Mkongwe wao, na mitaa ina majina ya biashara za zamani: Hàng Bạc ni madini ya fedha, Hàng Muối chumvi, Hàng Đường sukari. Kuvuka barabara ndiyo kazi. Pikipiki hazisimami, unatembea polepole, hukimbii wala hurudi nyuma, zenyewe zinakupita kushoto na kulia. Jana nilirudi nyuma hatua moja, nikatukanwa kwa lugha nisiyoijua na nikaelewa kila neno.

Kahawa yao wanaitilia kiini cha yai kilichopigwa na sukari mpaka kiwe povu. Walianza miaka ya 1940, maziwa yalipoadimika. Najua utasema nini, kwa hiyo sisemi zaidi. Dukani nimekuta korosho zimebanguliwa, zimefungwa vizuri. Vietnam hununua korosho ghafi za kwetu kwa wingi, basi nikazitazama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini kavaa suti.

Sasa kilichonifanya niandike. Huyu mama anauza kitu kimoja. Hana wali, hana chipsi. Sufuria ikiisha, anafunga anakwenda zake. Na mimi ndiye niliyekuchapia ile orodha ya vyakula kumi na viwili nikaibandika ukutani, nikakwambia biashara ni kupanua, tangu hapo supu yako ya makongoro unaiinjika saa kumi alfajiri badala ya usiku, kwa sababu jiko lina maharage. Wateja wameonja tofauti, wanakuonea haya tu kukwambia.

Ibandue, Shangazi. Nisamehe.

Kuna kijana amesimama hapa anasubiri kistuli changu. Nanyanyuka, magoti yakikubali.