Barua kwa Neema: Jumapili hii huchezi

Goma, Jumanne jioni

Neema, mama yangu,

Picha ya mguu wako nimeiona, na sauti yako nimeisikia. Umevimba upande wa nje, chini ya nundu ya kifundo, na weusi wa damu umeanza kushuka kuelekea kisigino. Unasema kocha anakuhitaji Jumapili na kwamba leo maumivu ni nusu ya yale ya juzi. Jibu langu ni hapana. Kwa kuwa nakujua, na najua neno moja halitakutosha, nakuandikia sababu zote, hata kama Baba yako ananiambia barua ndefu haisomwi kwenye simu.

Ulipotua baada ya kuruka, wayo uligeukia ndani na uzito wa mwili wote ukaangukia upande wa nje. Upande huo una ligamenti tatu, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo hutangulia kuchanika. Nguvu ikizidi, hufuata ile inayoshuka hadi mfupa wa kisigino. Ya nyuma mara nyingi husalimika. Kwa picha yako nadhani ni ya mbele, lakini nadhani tu, maana kifundo hakipimwi kwa WhatsApp.

Wewe umekulia hapa, viwanja vyetu unavijua. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na hadi leo watoto wanacheza juu ya mawe yale meusi yenye makali. Katika chumba chetu cha tiba ya viungo, Jumatatu ni siku ya vifundo. Wanakuja wanaume, vijana, na siku hizi wasichana wengi pia, jambo linalonifurahisha. Huko Bukavu mna miteremko na udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na kwa kifundo cha mguu sioni tofauti kubwa.

Kwanza kabisa tujue kama kuna mfupa uliovunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, huko Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni ambazo natumia kila wiki, na zinafaa hasa kwetu ambapo picha ya eksirei inalipiwa mfukoni. Kaa kitandani, omba mwenzako akushike taa. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu ya nje, kuanzia ncha yake ya chini hadi sentimita 6 juu. Fanya vivyo hivyo kwenye nundu ya ndani. Usibonyeze pale palipovimba mbele, hapo patauma tu. Bonyeza mfupa wenyewe. Kisha fuata ukingo wa nje wa wayo, katikati ya kisigino na kidole kidogo, utakuta mfupa uliojitokeza kidogo: bonyeza hapo. Mwisho, upande wa ndani, juu ya upinde wa wayo, mbele kidogo ya kifundo. Halafu simama, tembea hatua nne. Kuchechemea si kitu, hatua inahesabika mradi umeukanyagia mguu. Pakiuma mfupani hata mahali pamoja kati ya hapo, au hatua nne zikikushinda, nenda ukapigwe picha. Kukiwa hakuna hata moja, ni nadra sana mfupa uwe umevunjika, na pesa yako ibaki.

Ule mfupa wa ukingo wa nje nimeutaja makusudi. Watu huuchukulia kuwa mguu umeteguka tu, kumbe umevunjika, na sehemu yake moja hupona polepole kwa sababu damu haifiki vizuri. Robert Jones, daktari wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1902, aliuvunja wa kwake mwenyewe akicheza dansi. Jambo jingine: geuza wayo utazame chini yake. Ukiona damu imevilia katikati ya unyayo, usikanyagie tena, nenda hospitali usiku huohuo. Hiyo ni dalili ya jeraha la viungo vya katikati ya mguu, ambalo hata madaktari wazuri hulipita bila kuliona, na likiachwa mtu huchechemea maisha yake yote.

Sasa shangazi yako. Najua ameshachemsha maji ya chumvi, na najua kuna jirani atakayekutajia mzee wa Kadutu anayevuta mguu mpaka ulie. Wote wanafanya kwa upendo, kwa hiyo uwakatalie kwa heshima, lakini uwakatalie. Siku hizi za mwanzo joto na kukandwa kwa nguvu huongeza damu kuvuja na uvimbe kukua. Kuvuta ni kubaya zaidi, kwa sababu kama kuna ufa katika mfupa, mzee atausogeza. Na asikufunge mtu vijiti kwa kamba. Nimepokea vijana waliofungwa hivyo mpaka vidole vikawa baridi na vyeusi, na hilo silisahau. Mwambie shangazi nimesema mimi, nami nitampigia simu.

Utafanya hivi: lala, weka mguu juu ya mito miwili, uwe juu kuliko kifua. Funga bandeji ya kunyumbuka kuanzia karibu na vidole kwenda juu, isikaze sana. Vidole vikifa ganzi, ilegeze. Barafu ukiipata, funga kwa kitambaa, dakika 15 zinatosha. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 ushauri wa mapumziko na barafu ambao wote tuliufundishwa, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba vyote viwili vinaweza kuchelewesha kupona. Basi barafu ni ya kutuliza maumivu, hulazimiki kuikimbilia mji mzima. Paracetamol meza. Sindano ya farmasi kataa, hasa wakitaka kukuchoma karibu na kisigino, kwa kuwa dawa za jamii ya deksamethasoni zikidungwa pale zinaweza kudhoofisha kano, ule uzi unaofunga msuli kwenye mfupa, mpaka ikatike.

Hapo kwenye kano nina wasiwasi, na sitauficha. Mwezi uliopita ulitibiwa tifoidi kwa siprofloksasini. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuharibu kano, hasa ile kubwa ya nyuma ya kisigino, na hatari inaweza kubaki hata miezi baada ya kumaliza vidonge. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye pakiti mwaka 2008, lakini kwenye farmasi zetu vidonge vinauzwa kwa kuhesabu, bila pakiti, na onyo hakuna anayelisoma. Kwa umri wako hatari si kubwa, ila ukisikia maumivu au ukakamavu pale nyuma asubuhi, acha kila kitu uniambie. Kano ikikatika, mtu husikia kama amepigwa teke kwa nyuma, anageuka na hakuna mtu. Kipimo chake ni rahisi: ulale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mwenzako abinye shavu la mguu. Wayo ukicheza, kano ipo. Usipocheza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Tuseme mifupa ni mizima na kano ni nzima. Wakitaka kukuwekea plasta wiki sita kwa kuteguka, uliza kwa nini. Ligamenti iliyochanika hupona vizuri zaidi ikianza kufanyishwa kazi mapema. Kukituliza kifundo siku chache, hata kumi kama kimeumia sana, inatosha. Kesho kutwa anza kuandika herufi zote hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara kadhaa kwa siku. Kanyagia kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Na hapa ndipo penye sababu yangu ya kukukataza Jumapili. Ndani ya ligamenti mna neva ndogo zinazoiambia akili mguu umekaaje bila wewe kuutazama. Ligamenti ikichanika, habari hiyo inachelewa. Maumivu yanaondoka, uvimbe unaondoka, unajiona mzima, lakini ukitua juu ya jiwe misuli ya pembeni inachelewa kukushika na mguu unapinduka palepale. Wachezaji wengi ninaowaona wameteguka mara ya pili au ya tatu, na kila mara walirudi uwanjani kwa sababu hakikuuma. Baadaye kifundo kinalegea kabisa, mtu anapinduka akishuka ngazi za nyumba yake.

Dawa yake haiuzwi. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na jioni. Ukiweza nusu dakika bila kuyumba, fumba macho. Kisha simama juu ya mto. Inua visigino, kwanza miguu yote miwili, halafu mmoja. Baadaye ruka kwa mguu mmoja, kimbia kwa kukata kona huku na huku. Siku utakayoruka kwa mguu huo mbali sawa na ule mzima, na kesho yake usivimbe, utacheza. Inaweza kuwa wiki tatu, inaweza kuwa sita. Ukiumia juu ya nundu, pale mifupa miwili ya muundi inapokutana, itakuwa zaidi, na usinung'unike.

Viatu vya kaka yako Dieudonné uvirudishe. Ni namba mbili zaidi ya mguu wako, na kitambaa unachokisokota mbele hakizuii kisigino kucheza. Wasichana wengi mnacheza kwa viatu vya kaka zenu, na sikubali jambo hilo liitwe uvumilivu. Nitatuma pesa ya viatu mwisho wa mwezi.

Mama Riziki wa kanisani anapanda boti Alhamisi. Nimempa bandeji mbili na kishikizo cha kifundo cha kufunga kwa kamba. Utakivaa kila mechi na kila mazoezi msimu wote huu, hata ukijiona umepona. Leo usiku nitumie majibu: wapi palipouma ulipobonyeza, hatua nne zimewezekana au la, na picha ya chini ya wayo. Kama mfupa unauma, kesho asubuhi ni hospitali ya jimbo kabla ya darasa, na usiende peke yako. Namba ya kocha nitumie pia, nitazungumza naye mwenyewe.

Mama yako anayekupenda